Ndege Wawili Tuliowasikia Kama Mmoja

Huku kwetu ni Bonga. Kwa wasiopajua, Bonga ni kata ya mji wa Babati, mkoani Manyara, kwenye barabara inayokwenda Kondoa na Dodoma. Bahari kwetu ni ya kusimuliwa, lakini tuna Ziwa Babati na viboko wake, tuna Mlima Kwaraa, na tuna mashamba ya mahindi na mbaazi.

Sisi ni mtu na mdogo wake. Tulimaliza kidato cha nne, matokeo hayakutufikisha mbali, tukaenda kusoma ushonaji. Leo tuna duka letu wenyewe: cherehani nne, ovaloki moja, na wasichana wawili wanaojifunza kazi. Tunashona sare za shule, madira, mabaibui na nguo za harusi. Baadhi yenu tunajuana kwa vitambaa tu, maana mizigo yetu mingine hutoka huko kwenu Darajani.

Leo hatuzungumzii mishono. Tunazungumzia ndege, masikio na mtoto. Tunaomba msome mpaka mwisho, hasa wenye watoto wadogo na wenye kazi za kelele kama yetu.

Kumbe ni wawili

Nyuma ya duka kuna kichaka cha miiba. Kila siku muda mfupi baada ya adhana ya alfajiri, na tena jioni, analia ndege humo ndani. Huanza na mlio mzito wa mviringo, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa, halafu papo hapo unafuata mkwaruzo mkavu kama mkasi unaokata turubai. Sauti hizo mbili hazina nafasi katikati. Kwa sababu ya huo mkwaruzo tulimbatiza jina "fundi mwenzetu". Tulimsikia kwa miaka bila kumwona sawasawa, maana ni ndege mweusi wa kujificha, anayetafuta wadudu chini ya vichaka.

Mwaka juzi alikuja mteja wetu mmoja kuchukua mashati yake ya kazi. Ni kijana anayeongoza watalii wanaokuja kutazama ndege upande wa Tarangire. Alisimama mlangoni, akainua kidole, akasikiliza.

"Wapo," akasema.

"Yupo," tukamjibu. "Huyo ni wa kila siku."

Akacheka. "Dada zangu, hao ni wawili. Mmoja anaanza, mwenzake anamalizia. Mume na mke."

Tulimbishia kweli kweli. Mtu umelala na sauti, umeamka nayo, halafu mgeni wa dakika tano anakuja kukuhesabia! Akatuambia tusibishane, twende nyuma tukae kimya. Tukakaa juu ya ndoo zilizogeuzwa, mashungi tumeyashika yasipepee. Baada ya muda tukamwona mmoja kwenye tawi la chini, akafungua mdomo, ukatoka mlio wa chupa. Mkasi ukalia mita kadhaa pembeni, kwenye tawi jingine kabisa. Walikuwa wawili, weusi wote, wamefanana kama jora moja.

Yule kijana akatuambia jina lao la kitaalamu ni *Laniarius funebris*. Neno la pili kwa Kilatini linahusu mazishi, kwa sababu ya huo weusi wao. Wanaishi kwenye vichaka vya nchi kavu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia na Somalia, Kenya, mpaka huku kwetu Tanzania. Mke na mume hulinda eneo lao pamoja, na kuimba kwa kupokezana ni sehemu ya ulinzi huo.

Tulipomuuliza yupi ni mke, akasema kwa macho hata yeye hawezi kututhibitishia.

Hata wasomi walisikia nusu

Usiku ule, baada ya kufunga mahesabu, tukaanza kusoma kwenye simu. Tuliyoyakuta yalitushangaza, na tutawaeleza kwa lugha yetu ya dukani.

Ndege wa ukoo huu wa Afrika Mashariki wana historia ndefu kwa wataalamu. Mwingereza mmoja, Myles North, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni Kenya, alikuwa akirekodi sauti za ndege. Mwenzake William Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge alitumia mashine inayochora sauti kwenye karatasi, ukaiona kama unavyoona patani ya nguo. Mwaka 1963 Thorpe alichapisha makala juu ya kasi ya ndege hawa katika kupokezana: yule wa pili anaingia ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ndiyo maana sikio letu liliwaunganisha.

Lakini kuna jambo lililotugusa zaidi. Kwa miaka mingi uimbaji wa ndege ulielezwa kama kazi ya dume: dume anaimba, jike anasikiliza na kuchagua. Sababu mojawapo ni kwamba utafiti mwingi ulifanyika Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako kwa ndege wengi wa huko anayesikika sana ni dume. Mwaka 2014 Karan Odom na wenzake walikusanya taarifa za ndege waimbaji wa sehemu nyingi za dunia, wakakuta kwamba kati ya aina walizopata taarifa zake, asilimia 71 majike nao wanaimba. Wakahitimisha kwamba inaelekea tangu mababu wa kwanza wa ndege hawa, jike na dume wote waliimba.

Na huyu mweusi wa kwetu ana ushahidi wake. Mwaka 1976 Fernando Nottebohm na wenzake walikuwa wameonyesha kwa ndege aitwaye kanari kwamba ndani ya ubongo kuna vituo maalumu vinavyoendesha uimbaji. Mwaka 1998 watafiti watatu, Manfred Gahr, Eckhard Sonnenschein na Wolfgang Wickler, wakavipima vituo hivyo kwa huyu *Laniarius funebris*. Wakakuta vya dume ni vikubwa kuliko vya jike, lakini walipohesabu nyimbo, jike na dume walikaribiana. Kwa hiyo ukubwa wa vituo hivyo peke yake hausemi nani anajua nyimbo nyingi. Sisi tulioambiwa shuleni kwamba vichwa vyetu havitoshi, tulicheka, tukanywa chai, tukacheka tena.

Kicheko hicho hakikudumu. Kama sikio linaweza kuwaunganisha wawili likasema ni mmoja, na kama wasomi wanaweza kukaa miaka wasimsikie jike vizuri, basi na sisi tulikuwa na mtu ndani ya duka ambaye hatukumsikia kabisa.

Mtoto wetu

Msituulize nani kati yetu alimzaa. Humu dukani ni wetu sote. Wakati huo alikuwa na miaka miwili na miezi minane. Mtoto mzuri, mcheshi, anayekumbatia kila mteja. Siku nzima alikuwa chini ya meza ya kukatia, anapanga bobini kama magari. Tukizidiwa na kazi tulimpa simu yenye katuni, akatulia saa nzima.

Maneno yake hayakufika kumi. "Mama", "dada", "maji" aliyoyaita "aji", na machache ambayo sisi tu ndio tulioyaelewa. Mengine yote alionyesha kwa kidole, au alikushika mkono akakupeleka.

Watu walitufariji: "Atasema tu." "Baba yake naye alichelewa." "Mtoto wa dukani, kelele zimemchosha." Wengine walikuja na dawa. Mama mmoja, tena kwa mapenzi, alituelekeza kwa mtu anayekata kimeo na kulegeza ulimi. Alisema wake wawili walikatwa na sasa wanaongea kama redio. Dada zetu, hatutawaficha: tulipanga siku. Ilikuwa Jumamosi, baada ya kukabidhi sare za shule, tumpeleke akakatwe.

Tulikuwa bado tunasoma habari za ndege usiku. Ndipo tulipofika kwenye habari za jinsi wanavyojifunza.

Si ndege wote wanaojifunza sauti zao. Kuku aliyeangushwa yai na kutotolewa kwa taa atalia kikuku vilevile. Lakini ndege waimbaji wanazaliwa bila wimbo kamili. Lazima wafundishwe, na namna yao wote mnaijua, kwa sababu ndiyo namna ya madrasa zetu. Mwalimu anasoma, mtoto anasikiliza. Mtoto anafuatisha, anakosea, anajisikia mwenyewe, anarekebisha. Hata kifaranga kabla hajaimba vizuri ana kipindi cha kubwabwaja, kama mtoto mchanga anayesema "ba-ba-ba".

Thorpe yuleyule, katika miaka ya 1950, aliwalea chafinchi, ndege wadogo wa Ulaya, bila kuwasikia wakubwa wao. Walipokua wakaimba wimbo duni, usio na mpangilio. Kule Marekani Peter Marler aliwachunguza shomoro wenye michirizi myeupe kichwani, akakuta kwamba wanajifunza wimbo vizuri zaidi katika wiki chache za mwanzo wa maisha, takriban kati ya siku ya 10 na ya 50. Mwaka 1965 Masakazu Konishi akaongeza jambo zito zaidi. Kifaranga aliyekwisha kusikia wimbo wa wakubwa, akapoteza kusikia kabla hajaanza kujifunza kuuimba, wimbo wake uliharibika. Kumbe haitoshi kumsikia mwalimu. Lazima ujisikie na wewe.

Tuliisoma sehemu hiyo mara mbili. Kisha tukatazamana. Habari yote ile ilikuwa ya masikio. Hapakuwa na ndege yeyote aliyekatwa ulimi ili aimbe.

Siku umeme ulipokatika

Siku ya pili, kama saa kumi jioni, umeme ukakatika. Ovaloki ikanyamaza, cherehani zikanyamaza, redio ya jirani ikanyamaza. Wasichana wakatoka na pasi ya mkaa nje. Ndani pakawa kimya ambacho duka letu halikijui.

Ndege wakaanza. Walikuwa karibu mno, kwenye dirisha la nyuma, sauti zimejaa chumba. Sisi wawili tukageuza vichwa pamoja. Msichana mmoja aliyekuwa mlangoni naye akageuka.

Mtoto hakugeuka. Aliendelea kupanga bobini.

Wakalia tena. Mlio wa chupa, mkasi. Hakutikisa hata shingo. Mdogo mtu akapiga makofi nyuma yake, si kwa nguvu. Hakugeuka. Akapiga kwa nguvu, akageuka akitabasamu. Kisha ndege mmoja akaruka akapita mbele ya dirisha, mtoto akamwona, akainuka mbio, akaonyesha kidole, macho yamemtoka kwa furaha.

Alimpenda ndege. Hakuwa amemsikia.

Tulikaa chini pale pale sakafuni. Katika duka lile kila mtu hupaza sauti kwa sababu ya mashine, na mtoto alikuwa amejifunza kutuangalia midomo na mikono. Tulipomwita huku anatutazama, alikuja. Tulipomwita kwa nyuma, tulisema ni mkaidi. Tulikuwa tumemwita mkaidi mara ngapi? Na mara ngapi usaha mdogo ulitoka sikioni tukaufuta na kipande cha kitambaa, tukasema ni mafua, yatapita?

Jumamosi ile hatukwenda kwa mkata kimeo. Jumatatu tulikwenda hospitali.

Daktari alimwangalia masikio kwa kile kifaa chenye taa. Akatueleza taratibu, hakutugombeza, ingawa tulistahili. Masikio yote mawili yalikuwa na maambukizi ya muda mrefu, na nyuma ya ngoma ya sikio palikuwa na majimaji. Akasema mtoto wa namna hii si kiziwi kabisa. Anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye ndoo ya maji: sauti kubwa zinafika, lakini maneno yanafika yamefifia, herufi zimefutika. Na akatuambia jambo ambalo tunawaomba mlishike: tatizo hili ni la kawaida kwa watoto wadogo, na mara nyingi linatibika likigunduliwa. Tulipomtajia habari ya kukata kimeo, akatikisa kichwa. Kunaleta damu nyingi na maambukizi, na hakumfungui mtoto masikio.

Tulipewa dawa, tukafundishwa kukausha sikio, tukaambiwa tusitie mafuta wala maziwa wala kitu chochote cha kienyeji. Tulirudi mara tatu. Baadaye tukasafiri kwa kipimo cha kusikia. Sikio la kulia sasa linasikia vizuri. La kushoto bado liko nyuma kidogo, tunaendelea kulifuatilia.

Sikio likifunguka, mwalimu awepo

Tulidhani mtoto akianza kusikia, maneno yatamwagika kama mahindi kwenye gunia lililotoboka. Hayakumwagika. Alikuwa amepitwa na miezi mingi ya kusikiliza. Alikuwa kama msichana mpya dukani: umempa cherehani nzima, lakini bado hajui kutia uzi.

Hapo tena ndege walitusaidia. Kuna ndege wa Marekani ambaye, kama kekeo, hutaga mayai kwenye viota vya wengine. Kwa ndege hao jike haimbi. Meredith West na Andrew King walimchunguza kwa miaka, wakagundua kwamba dume kijana akiimba kipande kinachompendeza jike, jike anatikisa bawa mara moja, haraka sana. Basi. Na dume kijana anakirudia kipande kile, anakikuza. Jike asiyeimba ndiye anayemnyoosha mwimbaji, kwa kumjibu tu.

Mwaka 2003 West na King, pamoja na Michael Goldstein, wakajaribu jambo hilo kwa watoto wachanga wa binadamu, wa miezi minane hivi. Mama waliambiwa watabasamu, wasogee na kumgusa mtoto. Kundi moja walifanya hivyo mara tu mtoto anapotoa sauti. Kundi la pili walifanya mambo yaleyale, lakini si kwa kufuata sauti ya mtoto. Watoto waliojibiwa papo hapo ndio walioboresha kubwabwaja kwao, sauti zikakaribia maneno. Tabasamu ni lilelile na mkono ni uleule. Tofauti ni kujibu kwa wakati wake.

Mwaka huohuo Patricia Kuhl na wenzake kule Marekani waliwasikilizisha watoto wa miezi tisa lugha ya Kichina. Waliocheza na mtu aliye hai mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliowekewa mtu yuleyule kwenye televisheni hawakujifunza. Tulipoisoma hiyo, tuliiangalia ile simu ya katuni kwa jicho jingine. Simu haimjibu mtoto. Akisema "aji", katuni inaendelea na mambo yake.

Basi tukabadilisha duka. Simu iliondoka chini ya meza. Tulitenga nusu saa asubuhi na nusu saa jioni ambapo mashine zote zinanyamaza, hata kama mteja amesimama mlangoni ana haraka ya harusi. Wateja wengine walinuna. Kuna oda mbili tulizichelewesha, na moja tuliipoteza kabisa. Katika nusu saa ile tunafanya kazi za mkono, kupinda na kutia vifungo, na tunaongea na mtoto. Tunachuchumaa usoni pake. Akisema lolote, hata nusu ya neno, tunalipokea. Akisema "uzi", tunajibu "Ndiyo, uzi mwekundu. Shika uzi mwekundu." Hatumwambii "sema vizuri". Tunampa neno zima, naye analichukua akiwa tayari.

Wale wasichana wawili tuliwafundisha pia. Ajabu ni kwamba nao wakaanza kujifunza ushonaji haraka zaidi, kwa sababu na sisi tuliacha kupiga kelele tangu upande wa pili wa chumba, tukaanza kukaa karibu na kuwajibu wanapokosea.

Tunayowaachia

Dada zetu, sisi si madaktari. Tunawaambia tuliyoyapitia.

Mwangalie mtoto wako katika kimya. Si wakati anakutazama, wala si kwa kumpigia sufuria. Mwite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo, mara kadhaa, siku tofauti. Asipogeuka, usimwite mkaidi. Mpeleke akapimwe masikio. Sikio likitoa usaha, usiseme ni mafua. Mtoto akifika mwaka mmoja na nusu hana maneno, au alikuwa nayo yakapotea, usikae unangoja kwa sababu shangazi alichelewa.

Na kama kipimo kitaonyesha kwamba mtoto hasikii na hatasikia, bado mlango haujafungwa. Watoto viziwi wanaojibiwa kwa lugha ya alama tangu wadogo wanajifunza lugha kamili kwa mikono na macho. Kanuni ni ileile: aone wazi, ajaribu, ajibiwe.

Sisi Waislamu mtoto akizaliwa tunamwadhinia sikioni, akiwa bado hajui chochote cha dunia. Tunaanza na sikio. Na utotoni bibi alitusimulia habari za Nabii Suleiman, amani iwe juu yake, aliyefundishwa usemi wa ndege, nasi tukadhani maajabu ni ndege kusema. Sasa tunaona kwamba kusikiliza nako ni neema ya kuombwa. Sisi tulikuwa na masikio manne mazima, tukakaa na mtoto mmoja kwa karibu miaka mitatu bila kumsikia kimya chake.

Sasa ana miaka minne. Bado yuko nyuma ya wenzake. Herufi zingine anazila, na majirani wanahitaji kutafsiriwa. Lakini anasema sentensi, anagombana, anasingizia, na juzi alimwambia mteja kwamba gauni lake ni refu mno, jambo ambalo sisi wenyewe tuliogopa kumwambia.

Wale ndege bado wapo nyuma ya duka. Jioni nyingine tukiwa kimya wanaanza, na mtoto anaacha bobini zake, anainua kidole kama yule kijana wa Tarangire alivyofanya. Mlio wa chupa ukitoka anasema "moja". Mkasi ukijibu anasema "na mwingine".

Tusimulieni na ninyi ya kwenu, hasa mliopitia haya na watoto.